Anga la Ghorofa ya Tatu

Juni 3, Jumatatu

Kuna mlio mmoja umekaa kichwani mwangu tangu asubuhi. Si mngurumo wa mashine inayopigilia nguzo ng'ambo ya barabara, kule wanakojenga kituo cha maduka. Huo kila mtu mtaani hapa Los Tunales ameusikia, na wameshaanza kuutukana. Ninaousema mimi ni mwembamba, na ulikuja nyuma yake. Mashine ilipiga, ardhi ikatikisika, vikombe vikagongana kabatini, kisha juu ya paa nondo zetu zikaitika. Ting. Zote kwa pamoja, halafu zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe cha uji. Mama akasema simbilisi wake watakufa kwa hofu huko juu vizimbani, na wakifa, mwenye mashine ataletewa awakaange mwenyewe. Nilikuwa nasikiliza.

Nondo zile ni zangu. Zinachomoza kwenye anga langu. Nilipotimiza miaka kumi na mitano, baba aliinua glasi mbele ya keki na majirani akasema: "Chini ni mimi na mama yenu. Ghorofa ya pili ni ya Edilberto. Na anga lote lililo juu ya dari ya pili ni la Nélida." Watu wakapiga makofi. Wenzangu shuleni walipewa mikufu na saa. Mimi nilipewa hewa, na tangu siku hiyo sijamwonea mtu wivu.

Usiku, badala ya kuhesabu kondoo, napanga madirisha. Vyumba viwili, jiko, meza yangu inayotazama vilima. Fedha ya kuanzia ninayo. Nimeamua kwamba itakuwa kipupwe hiki, ingawa bado sijamwambia mtu.

Juni 4

Manyunyu. Kazini nimeuza ghorofa mbili.

Juni 6

Kibanda chetu cha mauzo kina zulia, kiyoyozi ambacho hakuna anayekihitaji msimu huu, na mfano wa minara minne chini ya kioo. Miti yake ni ya sponji na watu wake hawana nyuso. Minara yenyewe itasimama nyuma ya kituo cha maduka. Kwa sasa pale pana shimo na trekta.

Nauza hewa, na naiuza vizuri. Nilisoma sosholojia miaka mitano chuo kikuu, nikaandika kurasa nyingi kuhusu watu walioshuka milimani wakajenga Lima juu ya mchanga kwa mikeka na subira, na sasa nalipwa kuwauzia watoto wao ghorofa. Wapo wenzangu wanaoniona msaliti. Siku moja waje waone uso wa mwanamke anayeweka kidole juu ya kioo na kusema, "Hapa."

Leo walikuja mume na mke wenye duka la vipuri vya pikipiki. Kidole chao kilitua ghorofa ya kumi na moja. Mke akauliza, "Na juu yetu atakuwa nani?"

Wote huuliza hivyo. Hakuna anayeuliza nani atakuwa chini.

Walipoondoka, doña Ivonne, mkuu wetu, aliniambia, "Neli, mbona wewe hujinunulii? Bei ya wafanyakazi ipo."

"Ninalo la kwangu."

"Liko wapi?"

"Juu ya mama yangu."

Alicheka mpaka akafuta macho.

Juni 9, Jumapili

Nimerudi kutoka kununua mkate nikamkuta kaka yangu Edi akishuka ngazi za nje na mtu mwenye kizibao na utepe wa kupimia. Mtu huyo alinisalimu kwa adabu kubwa, kama mtu aliyetoka kuiba.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Rafiki."

"Rafiki anapima nini?"

"Anapima urafiki. Mikate imebaki ya moto?"

Hakusema zaidi, nami nikamwacha. Baadaye nilijiuliza kwa nini nilimwacha.

Juni 12

Ting, siku nzima. Mama amewashusha simbilisi wawili wenye mimba na kuwaweka chini ya meza ya kulia.

Juni 16, Siku ya Baba

Naandika kwa hasira.

Mama alipika bata na wali wa giligilani. Baba alivaa shati tulilomnunulia, bado lina mikunjo ya boksi. Edi alikuwa na mkewe Marleni na mtoto wao Araceli, ambaye alikuwa chini ya meza na simbilisi. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Edi, akiguguna mfupa, akasema yule rafiki yake wa utepe, kumbe bwana wa mabango ya matangazo, atarudi mwanzoni mwa Julai kuchukua jibu. Bango kubwa, lenye taa, linalotazama kituo cha maduka. Mkataba wa miaka kumi, kodi kila mwezi, na sisi hatuinui hata tofali.

"Bango juu ya dari ipi?" nikauliza.

"Dari yetu."

"Yetu ya nani?"

"Ya mimi na Marleni. Neli, usianze. Kula."

"Anga lile ni langu. Nilipewa nikiwa na miaka kumi na mitano, na keki ilikuwepo."

"Na mimi nilipewa siku ya harusi, na ng'ombe mzima alikuwepo."

Nilicheka, nikidhani anatania. Marleni akaweka kijiko chini. Ni mshonaji, mwanamke wa maneno machache. Kwa miaka sita nimemchukulia kama sehemu ya vyombo vya Edi, kama kabati lililokuja na harusi. Akasema polepole, "Baba alisimama akasema, 'Kuanzia dari hii kwenda juu, mpaka Mungu atakaposema basi, ni yenu.' Mjomba wangu alitoka milimani, Huánuco, kwa ajili ya siku ile. Alilia."

Siku ile mimi nilikuwa jikoni, nikikimbizana na sahani. Sikusikia kitu.

Tukamgeukia baba. Alikuwa anapanga mifupa ya bata pembeni mwa sahani, kutoka mdogo hadi mkubwa.

"Niliyasema yote mawili," akasema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilikuwa na furaha. Siku zote mbili nilikuwa na furaha."

"Na siku zote mbili ulikuwa umelewa, Saturnino," mama akasema, akamwongezea wali.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Araceli chini ya meza, na yeye alikuwa akicheka mambo yake.

Edi akasema la harusi ni la baadaye, kwa hiyo ndilo lenye nguvu. Nikasema la kwanza ndilo la kwanza. Akasema mimi nitaolewa niende zangu. Nikamwambia ameolewa yeye, maana ndiye anayekula jikoni kwa mama kila siku. Baba akainuka, akachukua kofia, akaenda kwa jirani kucheza karata, na shati lake jipya.

Mtaa mzima umejengwa namna hii. Mtu hana shamba la kuwagawia wanawe, hana ng'ombe, basi katika sherehe anainua glasi na kutoa anga, na watu wanapiga makofi. Sijawahi kusikia mgeni hata mmoja akiuliza kama anga hilo halijatolewa tayari. Kule kazini kompyuta inakataa kuuza ghorofa moja mara mbili, inageuka nyekundu. Baba yangu hana rangi nyekundu. Ana furaha tu.

Lakini nina hakika na jambo moja. Bango halitasimama juu ya meza yangu.

Juni 17

Hakuna aliyemsalimu mwenzake ngazini.

Juni 20

Baba bado anashinda kwa jirani. Mama anasema tangu ajifunze karata hajawahi kupoteza muda vizuri hivi.

Doña Ivonne amenionyesha tena ghorofa ya tisa, upande wa jua. Nilibaki nikitazama ule mfano kwa muda mrefu. Ningeweza. Ingekuwa na namba, na hakuna baba duniani ambaye angeweza kuitoa mara ya pili. Lakini nilipoweka kidole juu ya kioo sikusikia kitu.

Juni 24

Leo nilipanda juu. Sikumbuki lini nilifanya hivyo mara ya mwisho mchana. Nilikuwa nimezoea kuliwaza anga langu kutoka kitandani.

Manyunyu yalikuwa mepesi, yale yasiyoonekana mpaka uguse nywele. Kamba za nguo, vizimba, tangi la maji, na nondo zikiwa zimesimama makundi makundi juu ya nguzo, kila moja ikiwa na chupa ya soda iliyopinduliwa kichwani. Na Marleni alikuwa amechuchumaa, ana kopo na brashi, akizipaka uji wa saruji.

"Unafanya nini, wifi?"

"Nazipaka. Manyunyu haya yanakula chuma."

"Si baba huzipaka?"

"Baba?" Alinitazama kuona kama natania. "Baba hajapanda hapa tangu goti lake liharibike. Napaka mimi, kila Juni. Na hizo chupa nani unadhani huzivisha? Araceli nusura ajitoboe jicho."

Kwa miaka yote hii nikiziona kutoka barabarani zimepauka kwa saruji, nilikuwa najisemea: baba ananikumbuka.

"Kwa nini unazitunza hivyo?"

"Kwa sababu ni zangu," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekuambia jina lake.

Kisha akaongea, yeye asiyeongea. Alisema amelala miaka sita chini ya dari hii. Usiku anasikia simbilisi wakikimbizana, alfajiri anasikia viatu vya mama akianika nguo, na mama naye anamsikia yeye akigombana na Edi. "Wewe umezaliwa humu, hujali. Mimi nataka kulala mahali ambapo juu yangu hakuna mtu. Basi. Si kitu kingine."

"Na bango?"

"Bango ni la Edi. Edi anataka bango kwa sababu bango halimtaki abebe mchanga. Nikimwambia sitaki, anasema hayo ni mambo ya ukoo wenu."

Ng'ambo mashine ilipiga. Nondo zikaitika, na nikaona Marleni anavyoziangalia, moja moja, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Kulikuwa na brashi ya pili kwenye ndoo. Nikaichukua.

Tulipofika nguzo za nyuma nikamuuliza, kama ningejenga mimi, dirisha ningeliweka wapi? Akasema hajui, yeye angeliweka mbele, kwenye barabara, apate mwanga wa kushonea na aone watu wakiingia madukani. Mimi nikasema barabara siitaki, nataka vilima. Halafu Marleni akachovya brashi, akachora mstari wa saruji katikati ya dari, kutoka ukuta hadi ukuta, akapinda kidogo kwenye tangi la maji.

"Na ngazi?" nikauliza.

"Ngazi ni ya wote. Lakini milango miwili."

"Milango miwili, wifi."

Manyunyu yakaanza kuufuta mstari. Hatukuuhitaji tena.

Juni 25

Nimelala kama jiwe.

Juni 30, Jumapili

Fundi Eleuterio amekuja kutazama nguzo. Aligonga kwa nyundo, akachimbua kidogo, akapima unene wa chuma, akamwomba baba aeleze msingi una kina gani. Baba akaeleza kwa furaha, mara ya kwanza kwa wiki mbili kumwona anaongea bila karata mkononi.

"Don Satu, ulijenga kwa ghorofa tatu na ulijenga vizuri," fundi akasema. "Ya tatu nitawajengea nikiwa nimefumba macho. Ya nne msiniite."

"Hata ikiwa nyepesi?" baba akauliza. "Mbao na bati?"

"Siku ardhi ikitikisika, don Satu, hakuna kitu chepesi."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu akikubali.

Edi alisikiliza yote akiwa mlangoni, akaenda zake.

Julai 3

Bwana wa mabango amerudi, na Edi akamketisha sebuleni na kumpa soda. Kiwanja kiko kwa majina ya baba na mama, kwa hiyo mkataba ulitaka sahihi zote mbili. Baba alipoiona kalamu akasema goti linamuuma. Ikabaki kwa mama.

Mama alikuwa anachambua mbaazi. Hakuacha.

"Bango litakuwa na nini?" akauliza.

"Inategemea, mama yangu. Manukato, simu, nguo. Mara nyingi ni mwanamke mzuri anatabasamu."

"Mchana na usiku?"

"Lina taa, ndiyo."

"Hapana," mama akasema. "Sitakaa miaka kumi chini ya mwanamke asiyenijua akinicheka mchana na usiku."

Edi akaruka. "Mama, ni fedha bila jasho."

"Edilberto, nimebeba maji ya nyumba hii kwa ndoo kutoka kwenye lori, tofali kwa tofali, na wewe tumboni. Mmepewa anga wewe na dada yako, mimi hakuna aliyenipa kitu na sikuuliza. Atakayejenga kibanda cha simbilisi wangu kisichovuja, huyo ndiye nitamwekea sahihi."

"Mimi na wifi tutajenga," nikasema.

"Basi mpe bwana soda nyingine, aende zake salama."

Edi alimtazama mkewe. Marleni akatazama mbaazi, lakini hakurudi nyuma.

Julai 7, Jumapili

Kuku wa mchango: majirani wananunua sahani, fedha inakwenda kwenye dari. Marleni aliwaloweka tangu jana katika beseni za kuogea watoto, pilipili nyekundu, siki, bizari na kitu kingine ambacho hataki kukitaja. Toka saa nne asubuhi moshi ulijaa mtaani, na spika ya jirani ikipiga muziki wa milimani mpaka mashine ya ng'ambo isisikike. Nusu ya Los Tunales ilikula mlangoni petu. Deni la namna hii tunalijua: dari ya kila mmoja imeliwa na wengine.

"Neli," jirani yetu Teófila akapiga kelele, "unauza minara yenye lifti, halafu unakuja kutuuzia kuku?"

"Kuku ni wa ngazi, jirani. Lifti itakuja na nguruwe."

Nilikuwa nimejaa moshi usoni na mafuta mpaka viwikoni, nami nikagundua kwamba kwa saa kadhaa sikuwa nimejitazama kwa ndani hata mara moja. Ni hali ngeni kwangu. Sikuichukia.

Edi alikuwa kitandani, amejifunika, madirisha yote wazi, harufu yote ikimwingilia. Jioni nilimwona Araceli akimpandishia sahani.

Julai 15

Nguzo zimesimama. Ukuta umefika kiunoni upande wa vilima. Nimepiga magoti mahali patakapokuwa meza yangu, nikatazama nje ya dirisha ambalo bado ni tofali tatu.

Julai 19

Edi hasemi nami. Akinikuta ngazini ananipisha kama anayepisha jeneza.

Julai 28

Siku ya uhuru. Bendera kila nyumba, fataki, supu ya kuku. Hata mashine ng'ambo imepumzika. Kimya kilivyokuwa, nilitoka nje mara mbili kuona kuna nini.

Agosti 5

Saruji iko sebuleni, mifuko juu ya mbao, imefunikwa nailoni. Baba hutazama televisheni juu yake kama mfalme. Manyunyu hayakatiki. Kila asubuhi Marleni nami tunabonyeza mifuko kwa vidole kutafuta inayoanza kuganda. Kumwaga zege ni Jumamosi, vibarua wameshaitwa.

Agosti 7

Mvua, si manyunyu. Mvua kabisa, ya kudondoka. Hapa haifanyi hivyo. Watu walitoka nje kuitazama. Mifuko ya pembeni imeganda, nasi tumeitupa. Doña Ivonne amenipa ruhusa ya Jumamosi na kuniambia nina uso wa mtu anayesubiri kujifungua.

Agosti 9

Anga jeupe. Marleni ameshona riboni za chupa tutakayoivunja dari ikishamwagwa.

Agosti 10, Jumamosi

Tumemwaga.

Walikuja kabla hakujakucha, na mashine ya kuchanganyia zege ikaanza kuzunguka mbele ya mlango. Wanaume walijipanga, kopo la zege begani, mbio juu ya mbao hadi ghorofani, kopo tupu likitupwa chini kwa mwingine alidake. Zege ikianza kumwagwa haisubiri mtu. Ukisimama, dari inabaki na kovu. Fundi Eleuterio alikuwa juu akipiga kelele, "Twende, akina bibi harusi, twende," na wao wakimjibu kwa maneno ambayo mama alijifanya hayasikii.

Kabla jua halijapanda, kibarua mmoja akateguka kifundo cha mguu. Mstari ukapata pengo. Makopo yakaanza kurundikana chini, mashine inazunguka, na fundi akatazama dari kisha akanitazama mimi. Nikavua koti. Niliinua kopo mpaka kifuani, na hapo likakataa.

Mtu akalichukua mikononi mwangu. Alikuwa Edi, amevaa viatu vya zamani vya mpira wa miguu na mfuko wa saruji uliokatwa begani.

"Mimi bado nasema bango," akasema.

"Beba."

Akabeba mpaka mwisho. Wenzake walimzomea kwa upendo, "Mwenye nyumba, polepole, utachafua viatu," naye akawatukana kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Marleni alikuwa juu, pembeni ya ngazi, na kila Edi alipopita alimfuta jasho kwa kitambaa kimoja, bila neno, bila hata kumtazama vizuri. Sijui watu huitaje jambo hilo. Mimi nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mchana dari ilikuwa imelazwa, inang'aa kama samaki. Tukaning'iniza chupa ya Marleni yenye riboni, jirani Teófila akiwa msimamizi wa dari, akaivunja kwa pigo moja. Chakula, bia, msalaba wa maua juu ya nguzo. Na nguzo, kama ilivyo desturi, zilikuwa zimeachiwa nondo zake, mpya, ndefu, zimesimama juu ya zege mbichi.

Ndipo baba akaomba glasi.

Nilijua. Marleni naye alijua, kwa maana mkono wake ulishika mkono wangu chini ya meza. Baba alikuwa na machozi na wali shavuni. Alimwinua Araceli juu ya kiti akasema, "Wanangu wamejenga. Na mimi nasema mbele yenu, majirani, kuanzia dari hii mpya kwenda juu, anga lote ni la mjukuu wangu."

Watu wakapiga makofi. Fundi Eleuterio peke yake hakupiga. Alikuwa na mfupa mkononi na ameacha kutafuna. Araceli akauliza, "Lote?"

"Lote, mama yangu."

Agosti 11

Mikono inauma. Araceli amezunguka mtaa mzima akiwaambia watoto kwamba mbingu ni yake.

Agosti 18

Nimemwambia baba, kwa upole, kwamba ghorofa ya nne haiwezekani. Akasema anajua. "Nimempa anga tu, Neli. Sikumpa tofali."

Miaka ishirini ijayo nitakuwa nikigombana na Araceli ngazini, na fundi mwingine, kijana, mwenye kiu ya kazi, atasema inawezekana ikiwa nyepesi.

Agosti 25

Mbao za chini zimetolewa. Nilisimama chumbani kwangu nikatazama juu. Zege tupu, alama za misumari, ubavu wa ubao mmoja umeacha picha yake. Nzuri kuliko dari zote nilizowahi kuuza.

Agosti 30, sikukuu ya Santa Rosa

Jana nilimwambia Marleni peke yake kwamba nataka kuzikata nondo mpya. Alikwenda kwa fundi na kurudi na mashine ya kukatia chuma ikiwa imefungwa kwenye kanga ya mtoto, kama mkate.

Asubuhi nilipanda juu. Upepo ulikuwa mkali, kama kawaida ya siku hii. Ng'ambo mashine ilipiga na nondo mpya zikaitika, kwa sauti ya juu kuliko zile za zamani. Nilikuwa bado sijaiwasha ile ya kukatia niliposikia mtu ngazini, akipumzika kila hatua. Baba. Kwa goti lile.

Aliketi juu ya ndoo. Akatazama mashine mkononi mwangu.

"Hizo ni za mtoto," akasema.

"Mtoto tutampa kitu kinachosimama, baba."

"Nyumba isiyo na nondo, watu watasema tumeishiwa."

"Waseme tumemaliza."

Akatazama mtaa. Kila paa lilikuwa na msitu wake wa chuma na chupa, mpaka vilimani. Nyuma ya kituo cha maduka mnara wa kwanza ulikuwa umetoka ardhini, nao pia una nondo kichwani. Alikuja hapa na mkeka mmoja, na kila alichokuwa nacho baadaye alikijenga ili juu yake pawe na kingine.

"Sasa mimi nikifurahi," akauliza, "nitatoa nini?"

Mama akapiga kelele kutoka chini kwamba nikiharibu kamba yake ya nguo nisishuke kula.

Nilimsaidia baba kusogeza ndoo mbali na cheche. Kisha nikazikata, sawasawa na zege, nguzo baada ya nguzo, zote isipokuwa mbili. Mbili nimemwachia mama, za kamba yake ya nguo.